Mikono Yenye Sugu

Kuna habari moja fupi katika historia ya Kanisa ambayo huirudia kila ninapofikiri juu ya uongozi. Eusebio wa Kaisaria, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 4, aliipokea kutoka kwa Hegesipo, mwandishi wa karne ya 2. Inasimulia kwamba katika enzi ya Kaisari Domitian, aliyetawala Roma kuanzia mwaka 81 hadi 96, wanaume wawili walishtakiwa kwamba ni wa ukoo wa Daudi, wakapelekwa mbele ya Kaisari mwenyewe. Walikuwa wajukuu wa Yuda, yule ambaye Injili inamtaja miongoni mwa ndugu zake Yesu. Kaisari akawauliza wana mali kiasi gani. Wakajibu kwamba mali yao wote wawili ina thamani ya dinari 9,000, nusu kwa nusu, tena si fedha taslimu bali ni shamba la plethra 39 (kipimo cha kale cha eneo la ardhi), ambalo hulilima wenyewe ili walipe kodi na kujipatia riziki. Kisha wakamwonyesha mikono yao, yenye sugu za kazi ya kila siku. Alipowauliza habari za ufalme wa Kristo, walimweleza kwamba si ufalme wa dunia hii. Kaisari akawadharau kama watu duni wasiostahili hata kuhukumiwa, akawaachilia.

Ninachokipenda zaidi ni mwisho wa habari hiyo, ambao wasimuliaji wengi huupita haraka. Wakulima wale wawili, baada ya kuachiliwa, waliyaongoza makanisa, wakaishi hadi zama za Kaisari Trajan. Mtawala wa dola aliwatazama viongozi wa Kanisa usoni, akaona wakulima tu. Hata msomaji anayeitilia shaka habari hii, akidhani kwamba ilipambwa kadiri ilivyosimuliwa, bado atakiri kwamba Wakristo wa karne ya 2 hawakuona aibu kuwakumbuka viongozi wao kwa sugu za mikono.

Nililelewa katika mafundisho yaliyokuwa yakisema kwamba mitume walikuwa watu wa kawaida, nami naamini hivyo hadi leo. Hata hivyo, namna jambo hilo lilivyoelezwa ilinipa picha yenye kasoro. Tuliambiwa kwamba hawakujua lolote, hawakuwa na lolote, na kwamba waliokotwa tu ufukweni kama mtu aokotavyo kombe tupu, wakajazwa kila kitu kutoka juu. Nia ya mafundisho hayo ilikuwa njema, maana yalitaka kumtukuza Mungu. Lakini kadiri nilivyozidi kuyasoma maandiko yenyewe kwa utulivu, ndivyo nilivyozidi kuona kwamba yanawadunisha watu ambao Injili haikuwadunisha. Mtu wa kawaida si mtu mtupu. Mtu wa kawaida ana kazi anayoijua, ana majirani wanaoijua tabia yake, ana madeni, ana mama mkwe mwenye homa, na ana nyavu zinazohitaji kutengenezwa kabla ya usiku kuingia.

Tuanze basi na nyavu hizo. Mwaka 1986, maji ya Ziwa la Galilaya yalipopungua sana kwa ukame, ndugu wawili wavuvi waliona mabaki ya chombo cha kale kwenye matope karibu na Ginosar. Wataalamu walikipima, wakakuta kina urefu wa zaidi kidogo ya mita 8 na upana wa mita 2.3, wakakadiria kwamba kilitumika karibu na zama za Yesu. Hatujui kilikuwa cha nani, wala si lazima tujue. Kinachonigusa ni mbao zake: ni za aina nyingi mbalimbali, nyingine zikiwa zimetumika kwanza katika vyombo vingine, zikaungwa na kuunganishwa upya mara kwa mara, kama vile mwenyewe hakuwa na uwezo wa kununua mbao mpya ila alikuwa na ujuzi wa kutosha kukifanya chombo chake kiendelee kuelea. Huo ndio ulimwengu wa Simoni na Andrea, wa Yakobo na Yohana.

Marko anatuambia kwamba wana wa Zebedayo walipoitwa, walimwacha baba yao chomboni pamoja na watu wa mshahara. Luka anaongeza kwamba walikuwa washirika wa Simoni. Katika maneno hayo machache tunaona shughuli iliyopangika: familia mbili zinazoshirikiana, vibarua wanaolipwa, zamu za usiku, na kodi ya kulipwa kwa utawala wa Herode Antipa. Watu hawa hawakuwa mafukara, wala hawakuwa wakubwa. Walijua kungoja usiku kucha bila kupata kitu na kurudi tena kesho yake. Walijua kugawana mapato bila kuuana. Walijua kwamba wavu mzito hauvutwi na mtu mmoja.

Tena kuna neno moja ambalo limenikalisha chini mara nyingi. Marko anaposema kwamba Yakobo na Yohana walikuwa wakizitengeneza nyavu zao, anatumia kitenzi cha Kigiriki, katartizo, chenye maana ya kurudisha kitu katika hali yake ya kufaa. Kitenzi hicho hicho anakitumia Paulo anapowaagiza Wagalatia wamrejeze kwa upole mtu aliyeghafilika katika kosa, na nomino yake imo katika Waraka kwa Waefeso, panapoelezwa kwamba mitume, manabii, wachungaji na waalimu wametolewa ili kuwakamilisha watakatifu. Sidai kwamba Paulo alikuwa akiwafikiria wavuvi alipoandika. Nasema tu kwamba kazi ya kiongozi wa Kanisa na kazi ya mvuvi aliyeketi na wavu uliochanika mapajani ziliitwa kwa neno moja, na kwamba aliyewahi kuketi hivyo usiku baada ya usiku hakuwa mgeni kabisa wa kazi aliyopewa baadaye.

Mathayo alitoka upande wa pili wa maisha hayo hayo. Alikuwa ameketi forodhani pale Kapernaumu, mji ambako Petro alikuwa na nyumba, akitoza ushuru ambao huenda uliwahusu hata wavuvi tuliowataja. Watoza ushuru walichukiwa, na chuki hiyo ilikuwa na sababu. Katika orodha ile ile ya wale Kumi na Wawili yumo pia Simoni aliyeitwa Zelote, jina la mtu mwenye bidii kali. Wengine wanalifasiri kama alama ya siasa ya kuupinga utawala wa Roma, wengine kama bidii ya kuishika Sheria. Kwa vyovyote vile, mtu mwenye jina kama hilo hakutarajiwa kula sahani moja na mtoza ushuru. Wengine katika orodha tunawajua kwa majina tu, au kwa jambo moja dogo. Tomaso aliitwa Pacha. Yakobo wa Alfayo hatuna neno lake hata moja.

Baraza la wakuu wa Yerusalemu lilipowahoji Petro na Yohana, liliwatambua kuwa watu wasio na elimu, nalo likastaajabia ujasiri wao. Maneno ya Kigiriki katika Matendo ya Mitume sura ya 4 yanamhusu mtu asiyesomeshwa maandishi na asiye na wadhifa, yaani raia tu. Baraza lilikuwa sahihi katika kipimo chake. Nadhani kosa la wasomaji wengi wa baadaye, nami nikiwamo, limekuwa ni kulichukua neno la baraza kana kwamba ndilo neno la mwisho kuhusu watu hao, ilhali mwandishi wa Matendo anaendelea papo hapo kueleza kile ambacho baraza lilikitambua pia: kwamba walikuwa pamoja na Yesu.

Kuwa pamoja ndicho kipimo kilichotumika walipohitaji kumpata wa kuchukua nafasi ya Yuda Iskariote. Hapa napenda kukaa kidogo, kwa sababu ni mara ya kwanza kwa waamini wenyewe kumtafuta kiongozi bila Yesu kusimama kati yao kwa mwili. Walikuwa wamekusanyika watu wapatao 120. Petro hakuuliza nani anajua kusema, wala nani ana ukoo mkubwa. Aliweka sharti moja: awe mtu aliyefuatana nao wakati wote, tangu ubatizo wa Yohana mpaka siku ile Yesu alipochukuliwa juu, ili awe shahidi wa ufufuo. Wakapatikana wawili, Yusufu aitwaye Barsaba na Mathiya. Fikiri maana yake. Kwa miaka yote ile, watu hawa wawili walitembea vumbi lile lile, wakalala njaa ile ile, wakasikia mafundisho yale yale, wala hakuna Injili inayowataja hata mara moja. Hawakuwa katika wale Kumi na Wawili, hawakuahidiwa kiti chochote, na hawakuondoka. Wakawaombea, wakapiga kura, ikamwangukia Mathiya. Baada ya hapo Biblia haisemi tena neno juu yake, wala juu ya Yusufu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kamati ndogo ya kanisa iliyopewa kazi ya kupendekeza majina ya wazee wapya. Jina la kwanza lililotajwa lilikuwa la mtu mwenye cheo kikubwa kazini, na sifa iliyofuata jina hilo ilikuwa kwamba anajulikana na wakubwa. Baadaye mtu mmoja, kwa sauti ya chini, akataja jina la mama mmoja ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiwatembelea wagonjwa bila kutumwa na mtu, akiwafulia nguo na kuketi nao usiku. Kukawa kimya kifupi, kisha mwenyekiti akasema kwamba huyo mama hakuendelea na shule, tukaendelea na jina jingine. Sikusema neno. Nilirudi nyumbani nikafungua Matendo sura ya 1, nikasoma habari za Yusufu na Mathiya, na tangu siku hiyo siwezi kuisoma sura hiyo bila kuukumbuka ule ukimya wangu.

Uchaguzi wa wale Saba, katika sura ya 6, ulikuja kwa sababu ya ugomvi wa chakula. Wajane wa Wayahudi waliozungumza Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na jamaa zao wakanung'unika. Mitume hawakuwateua wasaidizi wao wenyewe. Waliuambia mkutano uchague watu saba walioshuhudiwa kuwa wema, waliojaa Roho na hekima, na mkutano ukawachagua Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yatazame majina hayo. Yote saba ni ya Kigiriki, na Nikolao hata hakuzaliwa Myahudi, bali alikuwa mwongofu kutoka Antiokia. Wayahudi wa siku hizo wenye majina ya Kigiriki walikuwapo kila mahali, Andrea na Filipo wa wale Kumi na Wawili wakiwamo, kwa hiyo jina peke yake si ushahidi kamili. Lakini saba kwa saba si jambo la kupita bila kuliangalia. Inaelekea kwamba kundi kubwa lililikabidhi kundi lililodhulumiwa ghala lote la chakula, pamoja na chakula cha wajane wa Kiebrania. Sijui kama kuna uamuzi wa uongozi katika Agano Jipya unaonishangaza kuliko huo.

Mtu anaweza kunipinga kwa kumtaja Paulo, aliyefundishwa miguuni pa Gamalieli. Ni kweli, na si yeye peke yake: Barnaba alikuwa na shamba la kuuza, na Lidia, mfanyabiashara wa nguo za zambarau kutoka Thiatira, alikuwa na nyumba ya kutosha kuwakaribisha wageni pale Filipi. Kanisa la kwanza halikuwafungia mlango wenye elimu na mali. Lakini mwangalie huyo Paulo akiwa Korintho. Anawapata Akila na Prisila, mume na mke waliofukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio, amri ambayo wanahistoria wengi huiweka mnamo mwaka 49. Anakaa kwao kwa sababu kazi yao ni moja, kushona mahema. Anawakumbusha Wathesalonike kwamba alifanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu. Na anapowaaga wazee wa Efeso kule Mileto, anawaonyesha mikono yake, akisema kwamba ndiyo iliyomtumikia yeye pamoja na wale aliokuwa nao. Msomi wa Sheria naye alikuwa na sugu.

Akila na Prisila wanastahili zaidi ya aya moja. Hawakuwekewa mikono katika habari yoyote iliyoandikwa, hawaitwi mitume, hawakuacha waraka. Hata hivyo kanisa lilikutana nyumbani mwao Efeso, na baadaye Roma. Apolo alipofika Efeso akitokea Aleksandria, mtu wa ufasaha na mwenye uwezo mkubwa katika maandiko, alihubiri kwa bidii ila alijua ubatizo wa Yohana tu. Hawakumpinga hadharani. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Mwanamke na mwanamume wa kushona mahema wakamfundisha msemaji wa Aleksandria, na msemaji akakubali kufundishwa. Sifa ya pande zote mbili ni kubwa.

Ukitaka kuona jinsi uongozi huo ulivyofika chini kabisa, soma taratibu salamu za mwisho wa Waraka kwa Warumi, zile ambazo wengi huziruka. Aliyeshika kalamu na kuuandika waraka wote ule ni mtu anayejitaja kwa sentensi moja tu: Tertio. Jina lake kwa Kilatini ni Wa Tatu. Mstari unaofuata unamtaja ndugu mwingine, Kwarto, yaani Wa Nne. Majina ya hesabu namna hiyo mara nyingi walipewa watumwa. Wamo Ampliato, Urbano, Herme na Persi, majina yaliyozoeleka miongoni mwa watumwa na walioachwa huru. Juu ya orodha yupo Febe, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, bandari ya Korintho upande wa mashariki.

Naomba nisieleweke vibaya, kana kwamba nasema watu hawa walichaguliwa kwa kuwa hawakuwa na dosari. Maandiko hayawafichi. Yakobo na Yohana waligombea viti vya kulia na kushoto, na wenzao wakawakasirikia, pengine kwa kuwa nao walivitaka. Petro alikana. Tena miaka mingi baadaye, akiwa tayari nguzo ya Kanisa, alijitenga na meza ya watu wa mataifa kule Antiokia kwa kuwaogopa wageni waliotoka kwa Yakobo mwingine, ndugu yake Bwana, na Paulo akamkemea mbele ya wote. Jambo hilo liliandikwa katika Waraka kwa Wagalatia, likanakiliwa na kusomwa makanisani kizazi baada ya kizazi, na hakuna aliyelifuta ili kulinda heshima ya mtume mkuu.

Kipimo kile hakikuishia kwa mitume. Mwaka 1873 palipatikana Konstantinopoli nakala ya maandishi ya kale yaitwayo Didake, mwongozo wa makanisa ambao wataalamu wengi wanaukadiria kuwa wa mwisho wa karne ya 1 au mwanzo wa karne ya 2. Unawaagiza waamini wajichagulie wenyewe maaskofu na mashemasi wanaomstahili Bwana: wapole, wasiopenda fedha, wakweli, waliokwisha kujaribiwa. Hakuna neno juu ya nasaba wala ufasaha. Karibu na mwaka 178 mpinzani mmoja hodari, Celsus, alicheka kwamba dini hii inaenezwa na wafuma sufu, washona viatu na madobi. Tunayajua maneno yake kwa sababu Origene, mwandishi wa Kikristo, aliyanukuu ili ayajibu miaka sabini hivi baadaye. Origene hakukana kwamba watu wa namna hiyo wamo Kanisani. Na kabla ya Origene kuandika jibu lake, Kanisa la Roma lilikuwa limekwisha kuwa na askofu, Kalisto, ambaye aliwahi kuwa mtumwa. Habari hizo tumezipata kutoka katika maandishi ya mpinzani wake mkali, aliyezitaja ili kumwaibisha.

Lakini ushahidi ninaoutafakari kuliko wote uliandikwa na mtu ambaye hakuwa na haja ya kulisaidia Kanisa kwa lolote. Mnamo mwaka 112, Plinius Mdogo, liwali wa Bithinia na Ponto, alimwandikia Kaisari Trajan akiomba ushauri juu ya Wakristo waliokuwa wamejaa katika miji na vijiji vya jimbo lake. Alitaka kujua ukweli kuhusu mikutano yao, na kwa kuwa sheria ya Roma iliruhusu watumwa kuhojiwa kwa mateso, aliwatesa vijakazi wawili. Hao, anaeleza, walikuwa wakiitwa wahudumu, neno la Kilatini linalolingana na lile ambalo Paulo alilitumia kwa Febe. Katika jimbo zima lenye watu huru, wenye mali na hata raia wa Roma waliokuwa Wakristo, wanawake wawili waliomilikiwa na watu wengine walikuwa na cheo katika mkutano wao. Plinius aliwatesa, hakupata kwao uhalifu wowote aliokuwa akiutafuta, akaandika kwamba alichokikuta ni ushirikina uliopindukia tu, kisha akaendelea na mambo mengine ya barua yake. Majina yao hakuyaandika.